Kwa nini historia ya sinema inamtaja Casey Donovan? Jibu kwa mwanafunzi wa filamu

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasomea filamu hapa Toronto. Mhadhiri wetu alipofika kwenye sinema ya Marekani ya miaka ya sabini alimtaja Casey Donovan, mwigizaji shoga wa filamu za ngono, akasema bila yeye kipindi kile hakieleweki. Nusu ya darasa walicheka. Sasa nimepewa nimwandikie insha na sijui pa kuanzia. Alikuwa nani hasa? Kwa nini mtu wa picha za ngono aingie kwenye historia? Zile filamu zilimjenga au zilimmaliza? Na ni kweli alikufa kwa UKIMWI?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye jibu fupi. Ndiyo, ni kweli. Casey Donovan alifariki tarehe 10 Agosti 1987 huko Inverness, jimbo la Florida, kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na UKIMWI. Alikuwa na miaka 43. Hayo mengine hayana jibu la mstari mmoja, na nimefurahi umeyauliza kwa uzito badala ya kujiunga na waliocheka.

Jina alilopewa na wazazi wake ni John Calvin Culver, na waliomfahamu walimwita Cal. Alizaliwa tarehe 2 Novemba 1943 East Bloomfield, mji mdogo wa mashambani upande wa magharibi wa jimbo la New York. Alisomea ualimu katika chuo cha serikali cha Geneseo, akashika chaki kwa muda, kisha jiji la New York likamvuta. Alichokitaka ni jukwaa. Kama waigizaji wengi wachanga wa jiji lile, alicheza kwenye kumbi ndogo zisizolipa, na pesa ya pango akaitafuta kwa kupigwa picha za matangazo chini ya wakala maarufu wa wanamitindo, Wilhelmina. Ukitazama picha zake za wakati ule utaona kwa nini kazi haikumpiga chenga: nywele za rangi ya dhahabu, meno yaliyopangika, tabasamu la kijana wa jirani unayeweza kumwachia funguo za nyumba ukasafiri. Ikumbuke sura hiyo, maana sehemu kubwa ya habari hii imebebwa nayo. Sinema ya Marekani ilikuwa imewazoesha watazamaji kumwona shoga kama kiumbe wa vichochoroni, mwenye majonzi, ambaye hadithi ikifika mwisho lazima ajiue au auawe. Huyu alionekana kama nahodha wa timu ya shule.

Mwaka 1971 alipata nafasi ndogo katika filamu ya bei ya chini iitwayo Ginger, kisha akawa mhusika mkuu wa nyingine iliyoitwa Casey. Kwenye hiyo ya pili ndiko alikotoa jina la kwanza la kazi. La pili alilichukua kwa Donovan, yule mwimbaji wa Uskoti aliyekuwa akivuma. Jina la Culver alilitunza kwa ajili ya jukwaa. Utaona baadaye kwamba majina haya mawili hayakukubali kukaa mbalimbali kama alivyokusudia.

Ili uelewe kilichofuata, ujue kwanza hali ilikuwaje. Katika jimbo la New York mapenzi ya watu wa jinsia moja yalikuwa kosa la jinai, na yalibaki hivyo hadi 1980, mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilipoifuta sheria hiyo. Madaktari wa akili wa Marekani waliyahesabu kuwa ugonjwa hadi Desemba 1973. Ni Juni 1969 tu ndipo polisi walipovamia baa ya Stonewall, mtaa wa Christopher, na kwa mara hiyo wateja wakagoma kuondoka kimya. Mtu aliyejulikana kuwa shoga aliweza kupoteza kazi, nyumba aliyopanga na hata watoto wake.

Filamu za wanaume kwa wanaume zilikuwapo kabla ya hapo, tena kwa miaka mingi. Los Angeles alikuwako Bob Mizer, mpiga picha aliyeanzisha studio yake mwaka 1945, akawapiga vijana wenye misuli wakiwa na vijitambaa viunoni, akauza kwa njia ya posta, na akafungwa jela kwa kazi hiyo. Mwaka 1968 jumba la Park Theatre, huko huko Los Angeles, lilianza kuonyesha filamu za wanaume hadharani. Kwa hiyo usije ukaandika kwenye insha yako kwamba Donovan alikuwa wa kwanza. Hakuwa, na mhadhiri wako atakukata maksi. Ila nyingi ya kazi hizo zilitengenezwa kwa hofu: mikanda mifupi isiyo na sauti, waigizaji wasio na majina au wenye majina ya uongo, hakuna aliyejulikana kuongoza wala kupiga picha. Polisi wakija, pasiwe na wa kumkamata.

Hapo ndipo anapoingia Wakefield Poole. Huyu alizaliwa 1936 Salisbury, North Carolina, akawa mcheza dansi wa kundi la Ballet Russe de Monte Carlo, kisha akafanya kazi Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo New York, akipanga dansi za maonyesho makubwa. Siku moja aliingia na wenzake kwenye jumba la sinema New York kuangalia filamu ya wanaume. Waliyoyaona yalikuwa machafu kwa maana ya ubaya wa kazi: giza, uchovu, watu wasiotaka kuwa pale. Poole alitoka akiwa amechukia, akajiuliza kwa nini kitu hiki kisitengenezwe vizuri, mtu akitazama asijione takataka. Alikuwa na kamera ya milimita 16. Akaanza na kipande kimoja cha majaribio, lakini mmoja wa waigizaji wake wawili akagoma picha zisionyeshwe mpaka aongezwe pesa. Ikabidi kipande kirudiwe na mtu mwingine, na huyo mwingine akawa Cal Culver.

Walipiga kazi yote wikendi tatu za Agosti 1971 kwenye kisiwa cha Fire Island, sehemu ya Cherry Grove. Ni kisiwa chembamba sana, kirefu kama ukanda, kusini ya Long Island. Unafika kwa boti. Hakuna magari, watu wanatembea juu ya njia za mbao na kukokota mizigo yao kwa vitoroli vidogo. Watu wa maigizo wa New York, mashoga wengi miongoni mwao, walikuwa wakikimbilia huko tangu kabla ya vita vya pili kumalizika, kwa sababu wakishavuka maji waliweza kushikana mikono. Bajeti yote ilikuwa kama dola 8,000. Poole mwenyewe ndiye aliyeshika kamera. Mazungumzo hakuna, muziki umewekwa juu. Filamu ikaitwa Boys in the Sand, jina lililotaniana na filamu ya Hollywood iliyotoka mwaka mmoja kabla, The Boys in the Band, ambamo mashoga wanakesha wakitukanana na kulia.

Ina sehemu tatu, na sitaeleza kila kitu kilichomo, si hapa. Lakini mambo mawili utahitaji kuyajua. Katika sehemu ya kwanza mwanamume mmoja amekaa peke yake ufukweni, anatazama maji matupu, na mara Donovan anainuka kutoka humo, mwili mtupu, jua likimpiga, anakimbia kuja nchi kavu. Watu wa Pwani tuliokulia hadithi za viumbe wa baharini tunaelewa mara moja kinachofanyika: amekuja mtu asiye wa kawaida. Katika sehemu ya pili mhusika wa Donovan anaona tangazo gazetini, anaandika barua, anasubiri siku nyingi jibu, kisha kinamfikia kifurushi chenye kidonge. Anakitupa kwenye bwawa la kuogelea, maji yanachemka, anaibuka mwanamume. Yule kijana mpweke anayeagiza mwenzi kwa posta! Huo ni utani, ila ndani yake kuna upweke ambao kila mtazamaji wa ukumbi ule aliufahamu, kwa sababu kwa wengi wao posta ndiyo ilikuwa njia pekee ya kupata hata picha. Poole alijua hadhira yake.

Filamu ilifunguliwa tarehe 29 Desemba 1971 kwenye jumba la 55th Street Playhouse, Manhattan. Mwanangu, kwangu mimi tarehe hiyo ina uzito kuliko chochote kilichomo kwenye filamu yenyewe. Poole na mtayarishaji wake Marvin Shulman waliamua kuiuza kama filamu nyingine yoyote. Waliwaita waandishi waje kuitazama mapema. Walilipia tangazo katika gazeti la New York Times, lile linalosomwa na majaji na maprofesa mezani wakati wa chai. Gazeti la biashara ya burudani, Variety, likaandika uhakiki wake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa filamu ya aina hii. Na kwenye filamu yenyewe yaliandikwa majina: nani ameongoza, nani ameigiza. Gharama ilirudi upesi mno, na filamu ikaonyeshwa katika miji mingine na nje ya Marekani. Deep Throat, ambayo kila mtu anaitaja kuwa ndiyo iliyotoa filamu za ngono gizani, ilifunguliwa Juni 1972, karibu miezi sita baadaye. Njia ilikuwa imeshafyekwa.

Hilo ndilo jibu langu la kwa nini anaingia kwenye historia. Alichofanya mbele ya kamera kilikuwa kimefanywa na wengine. Alichokubali yeye ni kujulikana. Katika jiji ambalo tendo lenyewe lilikuwa jinai, alitoa uso wake mchana kweupe, ukawekwa kwenye mabango na kwenye matangazo ya magazeti, na hakujificha. Alifanya mahojiano. Alisimamishwa barabarani na watu wasiomjua wakimshukuru. Kijana wa mji mdogo aliyekuwa anaamini yuko peke yake duniani alimwona mtu anayefanana na mwalimu wake wa michezo, mwenye afya, anayecheka, asiyeadhibiwa filamu inapoisha. Naomba usilipuuze hilo kwa sababu tu limo ndani ya filamu ya ngono. Wakati ule hapakuwa na mahali pengine pa kulikuta.

Kuna upande wa pili, na ukiuacha insha yako itakuwa sifa tupu. Itazame sehemu ya tatu ya filamu ukiwa macho. Anayecheza na Donovan pale ni Tommy Moore, Mmarekani mweusi, katika nafasi ya fundi wa simu. Mhusika wa Donovan yuko ndani ya nyumba, anamtazama kupitia dirishani, na mengi tunayoyaona ni ndoto za yule aliye ndani. Kwa mwaka 1971 kumweka mweusi na mweupe pamoja hivyo kulikuwa ushujaa, na wapo wanaoishia hapo. Mimi siishii hapo. Moore anafika kama fundi, mtu wa kazi za mikono, na tunamjua tu kadiri anavyotamaniwa na mwenye nyumba. Yeye mwenyewe anaota nini hatuambiwi. Donovan alipewa ndoto katika sehemu mbili, na katika ya kwanza yeye mwenyewe alikuwa ndoto ya mwingine. Moore hakupewa hata moja. Na hata umaarufu ulipokuja, Donovan ndiye aliyepata jina, ilhali wote wawili walikuwa wamehatarisha kitu kile kile. Wewe ni kijana wa Tanga uliyekaa katika darasa la Toronto. Nadhani una macho ya kuliona jambo hili kuliko wenzako, na ningefurahi kama ukurasa mzima wa insha yako ungekuwa juu yake.

Sasa, zilimjenga au zilimmaliza?

Culver hakuacha ndoto ya jukwaa. Mwaka 1972, Boys in the Sand ikiwa bado inavuta watu, alipata nafasi ndogo Broadway katika Captain Brassbound's Conversion, mchezo wa George Bernard Shaw, nyota wake akiwa Ingrid Bergman. Fikiria: kwenye mtaa mmoja yuko na Bergman, kwenye mtaa mwingine yuko kwenye pazia la sinema akitoka majini. Mwaka huo huo akacheza The Back Row ya Jerry Douglas. Kisha mwongozaji Radley Metzger akampeleka Yugoslavia kupiga Score, iliyotoka 1974, filamu ya kuchekesha na yenye ujanja mwingi kuhusu wanandoa wawili, na kwa maoni yangu ndiyo inayothibitisha kwamba kijana alikuwa na kipaji. Anacheza mume mchanga aliyeoa na asiyejijua. Angalia mikono yake katika filamu ile: muda wote haijui ikae wapi, anashika glasi, anaiweka, anaishika tena. Mwigizaji wa kubahatisha hafanyi hivyo.

Alitumaini Score ingekuwa daraja la kumvusha hadi kwenye filamu za kawaida. Haikuwa. Milango haikufungwa kwa kishindo; ilikuwa inakawia tu kufunguliwa, mwaka hadi mwaka, hadi mtu anaelewa mwenyewe. Na zingatia kwamba Hollywood wakati huo ilikuwa imejaa waigizaji mashoga waliofanya kazi vizuri kabisa, kwa sharti la kunyamaza. Kosa la Culver lilikuwa kwamba hakuna ambaye angeweza kujifanya hajui. Hata nyumbani jambo hili lilimfuata. Katikati ya miaka ya sabini alikuwa na uhusiano wa miaka kadhaa na Tom Tryon, mwigizaji wa zamani wa Hollywood aliyegeuka kuwa mwandishi wa riwaya zilizouzwa sana. Tryon alikuwa mtu wa kujificha. Kadiri sura ya mwenzake ilivyozidi kujulikana ndivyo ilivyokuwa vigumu kutembea naye, na mwisho wakaachana.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kuunga-unga. Alirudi kwenye filamu za ngono mara kwa mara. Mwaka 1978 alikuwamo katika The Other Side of Aspen ya studio ya Falcon, iliyouzwa kwa wingi mno. Alipokea wateja binafsi waliomlipa kwa usiku, na hakulifanya kuwa siri. Alifungua nyumba ya wageni Key West, Florida, ambayo haikumpa faida. Mwaka 1983 alishiriki kuurudisha Broadway mchezo wa Terrence McNally, The Ritz, naye akiwa miongoni mwa waigizaji. Ulifunguliwa na kufungwa usiku ule ule. Ilikuwa nafasi ya mwisho ya jukwaa kubwa.

Huwa nasikia watu wakisema ngono ilimharibia maisha, na wengine wakimpamba kama shahidi aliyejitoa kwa ajili ya wenzake. Sikubaliani na wote. Aliipenda kazi yake, aliirudia kwa hiari yake, na waliofanya naye kazi wanamkumbuka kama mtu mchangamfu na mwenye adabu, anayefika kwa wakati. Kilichomkwamisha ni biashara ya burudani iliyokuwa tayari kuwatumia mashoga usiku na mchana ila haikutaka kuonekana nao. Hata hivyo hakulazimishwa kuingia, na alikuwa mwerevu wa kutosha kujua atakachokipoteza. Alipima, akachagua, kisha akaumia. Yote matatu ni kweli na yaandike yote matatu.

Nije kwenye ugonjwa. Tarehe 5 Juni 1981 idara ya afya ya Marekani ilitoa taarifa fupi ya vijana watano wa Los Angeles, wote mashoga, waliougua homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Kipimo kilipatikana 1985. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Machi 1987, miezi mitano kabla Donovan hajafa, nayo ilikuwa ghali kupindukia na haikutosha peke yake. Wazazi wako watakuwa wanaikumbuka miaka hiyo kwa upande wetu: wagonjwa wa kwanza Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na huko nako watu walikufa huku majirani wakinong'ona juu ya uchawi na juu ya nguo ya Juliana, vazi la fasheni ambalo ugonjwa ulipewa jina lake. Kule New York na San Francisco mnong'ono ulikuwa wa dhambi. Kote kuwili aliyeugua alificha.

Na hapa ndipo panaponiuma katika maisha ya mtu huyu. Donovan alikuwa na ukurasa wa ushauri katika gazeti la wanaume, akijibu barua za wasomaji, na walioandika habari za maisha yake wanaeleza kwamba aliwahimiza wapime na watumie kondomu, lakini yeye mwenyewe alikwepa kupima hadi dalili zilipokuwa wazi. Mtu aliyekubali ulimwengu umwone bila nguo alishindwa kukitazama kipande kimoja cha karatasi. Simhukumu. Mwaka 1985 karatasi ile haikuwa na tiba nyuma yake. Kupima kulikuwa kuambiwa tu kwamba utakufa, na kuongezewa hatari ya kufukuzwa kazi na nyumba. Lakini aliendelea na maisha yake ya zamani ilhali amekwepa kujua, na hilo nalo lina uzito wake. Hatuwezi kulifunika kwa sababu tunampenda.

Mlinganishe na Al Parker, mwenzake katika ile filamu ya 1978. Parker alianzisha kampuni yake mwenyewe, Surge, na ugonjwa ulipobisha hodi akawa miongoni mwa watayarishaji wa mwanzo kabisa walioingiza kondomu kwenye filamu zao na kuifanya ionekane kuwa jambo la kawaida. Naye alikufa kwa UKIMWI, mwaka 1992, akiwa na miaka 40. Desturi waliyoiacha akina Parker ilishika: kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini studio kubwa za filamu za mashoga zilitumia kondomu kwa zaidi ya miongo miwili, wakati zile za mwanamume na mwanamke nyingi hazikutumia. Vijana wengi waliiona kondomu ikivaliwa kwenye filamu hizo. Desturi hiyo ilikuja kulegea baada ya 2012, dawa za kinga zilipoidhinishwa Marekani.

Huenda ukauliza nini kimebaki. Kwanza, filamu yenyewe, na hilo halikuwa la uhakika. Kazi za namna hii hazikuhifadhiwa na maktaba za taifa. Waliozitengeneza na waliozicheza walikufa wengi kwa wakati mmoja, na jamaa waliokuja kusafisha vyumba walitupa makasha ya mikanda kwa aibu. Poole aliokoka. Aliacha filamu, akawa mpishi, akaishi hadi Oktoba 2021, na kwa kuwa alikuwa hai aliweza kusimulia, kuonyesha nakala zake na kusimamia zisafishwe. Mwaka 2013 Jim Tushinski alitoa filamu ya hali halisi juu ya maisha yake, I Always Said Yes. Tafuta hiyo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Utamwona mtu wa Broadway aliyezeeka akieleza kwa utulivu jinsi alivyopiga kila fremu.

Pili, ule ugomvi wa kuonekana hadharani na watu wa filamu hizi uliendelea kwa muda mrefu. Chuck Holmes, mwanzilishi wa Falcon, alitajirika kwa filamu kama ile ya Donovan, akachangia wanasiasa na mashirika ya haki za mashoga. Wengine walichukua hundi yake ila hawakutaka kupigwa naye picha. Alipokufa mwaka 2000 aliacha dola milioni moja kwa ajili ya kituo cha jamii ya mashoga San Francisco, na kituo kilipofunguliwa 2002 kikabeba jina lake, baada ya ubishi mkali. Ukitaka kujua kama jamii yenyewe imekubali kwamba filamu hizi ni sehemu ya historia yake, chunguza ubishi ule. Miaka 30 baada ya Boys in the Sand bado watu walikuwa wanajadiliana kama jina la mtu wa picha za ngono linaweza kuandikwa ukutani.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, ila wanafunzi wengi hulikosea. Usiandike "Casey Donovan" kila mahali kana kwamba ndilo jina pekee. Ukizungumzia Boys in the Sand, The Back Row na The Other Side of Aspen, mwite Donovan, kwa kuwa ndivyo alivyojiandikisha. Ukizungumzia Score na kazi za jukwaani, mwite Calvin Culver. Weka maelezo mara moja tu mwanzoni kwamba ni mtu mmoja. Msomaji akiona majina yanavyopishana mwaka hadi mwaka, ataona mwenyewe ni lini Culver alikuwa anatafutiwa nafasi na ni lini Donovan alikuwa anamlipia kodi.